Muziki wa bure wawekewa mpaka, fedha zahamia kwingine

MELI itokayo Mwanza inapofunga gati Nansio, wachukuzi hushusha shehena ambayo kila mfanyabiashara wa Ukerewe anaifahamu: kreti za soda, katoni za sabuni, mabati, mafuta ya kula na marobota ya mitumba. Inapogeuza kurudi Mwanza hubeba dagaa, samaki, machungwa na mihogo. Iko bidhaa moja ambayo haiandikwi katika hati yoyote ya mizigo, ingawa inauzika mjini hapa siku zote za wiki. Bidhaa hiyo ni muziki.

Muziki huvuka ziwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mtandao wa simu, ambako msikilizaji hufungua programu na kusikiliza bila kulipia wimbo. Njia ya pili ni memori kadi au flashi iliyojazwa nyimbo Mwanza na kuja kunakiliwa vibandani kwa malipo. Kwa muda sasa kampuni za muziki za mtandaoni zimekuwa zikiipunguza ile njia ya bure kidogo kidogo, kwa matumaini kwamba msikilizaji akibanwa atatoa fedha mfukoni na kulipia.

Mfukoni fedha zinatoka kweli. Swali linalowahusu wafanyabiashara na wenye akiba ya kuwekeza ni zinakokwenda, kwani sehemu kubwa haiendi kwa yule aliyefunga mlango.

Bure ilivyoanza

Kwa msikilizaji wa Kanda ya Ziwa, muziki wa bure haukuletwa na intaneti. Kwa miaka mingi Redio Tanzania Dar es Salaam ilipiga nyimbo za bendi na za kwaya bila kumtoza mwenye redio chochote zaidi ya bei ya betri. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi. Radio One ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na katika muongo huo huo Mwanza nayo ikapata Radio Free Africa.

Aliyetaka kusikia wimbo kwa saa anayoitaka mwenyewe alinunua kanda. Nyingi ya kanda zilizouzwa mitaani zilikuwa za kunakiliwa, na mwanamuziki hakuona hata senti yake. Kanda zilipopitwa na wakati zikaja CD, na biashara ya "kuchoma CD" ikaajiri vijana katika kila mji wenye umeme. CD moja ya MP3 yenye nafasi ya MB 700 ilibeba nyimbo zaidi ya 150, kiasi ambacho zamani kingehitaji sanduku zima la kanda. Baada ya CD zikaja flashi na memori kadi.

Katika hatua zote hizo mlaji alilipa. Alilipia betri, alilipia kanda, alilipia kadi, na alimlipa kijana wa kibandani kwa kazi ya kunakili. Kitu ambacho hakukilipia, wala hakufundishwa kukilipia, ni wimbo wenyewe. Kwake gharama ilikuwa ya chombo na ya mkono uliokijaza. Mazoea hayo ya miaka mingi ndiyo yanayokutana leo na kampuni za mtandaoni, ambazo biashara yao ni kuuza haki ya kusikiliza wimbo.

Mpaka wa kwanza

Mfano unaofahamika zaidi wa kuwekea mpaka muziki wa bure ulitoka Ulaya. Kampuni ya Spotify ilianza kutoa huduma Sweden na nchi nyingine chache za Ulaya Oktoba 2008. Msikilizaji aliweza kusikiliza bila malipo mradi avumilie matangazo ya biashara kati ya nyimbo. Machi 2011 kampuni ilitangaza kuwa imefikisha wateja milioni moja wanaolipa.

Mwezi uliofuata ilitangaza masharti mapya, yaliyoanza kutumika Mei 2011. Mtumiaji wa bure, baada ya miezi sita ya mwanzo, angeruhusiwa kusikiliza saa 10 tu kwa mwezi, na wimbo mmoja asingeweza kuupiga zaidi ya mara tano. Saa 10 kwa mwezi ni sawa na dakika 20 kwa siku. Kwa mtu anayefanya kazi na muziki sikioni, kipimo hicho humalizika kabla ya chai ya asubuhi.

Wasikilizaji walikasirika. Wengi walisema wazi kwamba watarudi kwenye nyimbo za wizi, na wengine wakatafuta huduma nyingine ambazo hazijaweka masharti. Hata hivyo idadi ya wanaolipa haikushuka. Septemba 2011 ilifika milioni mbili, na Novemba mwaka huo ikafika milioni mbili na nusu. Katika kipindi hicho kampuni ilikuwa pia imefungua soko la Marekani, Julai 2011, hivyo ongezeko lote haliwezi kuhesabiwa kuwa ni matunda ya mpaka.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuliko idadi hiyo. Desemba 2013 Spotify ilifungua huduma ya bure kwenye simu za mkononi, na Januari 2014 ikaondoa kipimo cha saa. Badala ya kuhesabu saa, iliamua kupunguza uhuru wa mtumiaji. Kwenye simu, asiyelipa alipigiwa nyimbo kwa kuchanganywa bila kufuata mpangilio anaoutaka, na aliruhusiwa kuruka nyimbo sita tu kwa saa. Kampuni ilikuwa imejifunza kwamba mteja aliyefungiwa kabisa huondoka, lakini mteja anayekerwa kidogo kila siku hubaki, na baadhi yao mwishowe hulipa.

Tangu hapo mpaka umekuwa ukisogezwa mbele na nyuma. India, Oktoba 2023, watumiaji wa bure walinyimwa uwezo wa kupiga nyimbo kwa mpangilio na wa kurudia wimbo. Mwaka 2024 maneno ya nyimbo yalifichwa kwa wasiolipa, wakalalamika, yakarudishwa mwaka huo huo. Septemba 2025 kampuni ililegeza tena na kuwaruhusu wasiolipa kuchagua wimbo wanaoutaka. Mfanyabiashara yeyote wa sokoni anaijua mbinu hiyo. Ni kupandisha bei, kuangalia wateja wanavyotazamana, kisha kuishusha kidogo.

Mipaka yafika ziwani

Kwa Afrika Mashariki huduma hizi zilikuja kwa sura mbalimbali. Mdundo ilianzishwa Kenya mwaka 2013 ikitoa nyimbo za kupakua bure, huku tangazo la biashara likiwa limebandikwa ndani ya wimbo. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 chini ya watengenezaji wa simu za Tecno, na kwa kuwa iliwekwa tayari ndani ya simu hizo, wanunuzi wengi waliikuta bila kuitafuta. Mwaka 2017 mwanamuziki Diamond Platnumz alifungua Wasafi.com ili kuuza nyimbo moja kwa moja kwa wasikilizaji. Spotify yenyewe iliingia Tanzania Februari 2021 ilipopanua huduma katika nchi zaidi ya 80 kwa mkupuo.

Kila mmoja ana mpaka wake. Wengine huruhusu kusikiliza bure lakini hawaruhusu kuhifadhi wimbo kwenye simu. Wengine huweka baadhi ya nyimbo wazi na nyingine nyuma ya malipo. YouTube, ambayo kwa Watanzania wengi ndiyo redio ya mtandaoni, humwachia mtu asikilize apendavyo, lakini asiyelipia ada akizima kioo au kufungua programu nyingine muziki hunyamaza. Dereva wa bodaboda anayetaka kuweka simu mfukoni na kuendelea kusikiliza analazimika kuacha kioo kikiwaka na betri ikiisha.

Mbali na masharti ya kampuni uliongezeka mpaka wa kisheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni, na kwa mwaka wa kwanza jumla ya gharama za maombi, leseni na ada ilifika Sh. 2,100,000. Blogu ndogo za muziki zilizokuwa zikitoa nyimbo mpya bila malipo, huku zikipata kipato kidogo cha matangazo, zilijikuta na mzigo usiolingana na mapato yao.

Hesabu ya shilingi

Neno "bure" linahitaji kupigiwa hesabu kabla ya kuaminiwa. Wimbo wa dakika nne uliohifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa MP3 huchukua takriban MB 4. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka wigo wa bei ya data ndani ya vifurushi kuwa kati ya Sh. 2.03 na Sh. 9.35 kwa MB moja.

Kwa wigo huo, kuusikiliza wimbo mmoja mara moja mtandaoni humgharimu mlaji kati ya Sh. 8 na Sh. 37. Ni fedha ndogo. Lakini wimbo unaopendwa hausikilizwi mara moja. Ukisikilizwa mara 30 kwa njia ya mtandao, gharama hufika kati ya Sh. 244 na Sh. 1,122. Ukipakuliwa mara moja na kuhifadhiwa, gharama hubaki ile ile ya kwanza, hata ukipigwa mara elfu.

Chukua fundi cherehani anayesikiliza muziki saa tatu kwa siku akiwa kazini. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni saa 90, na kwa kiwango hicho cha ubora zinahitaji zaidi ya GB 5 za data. Kwa bei za wigo wa 2021, angelipa kati ya Sh. 11,000 na Sh. 50,500 kwa mwezi kwa ajili ya muziki ambao kampuni inamwambia ni wa bure. Fedha hizo zote huenda kwa kampuni ya simu na kwa serikali kupitia kodi. Wimbo haujalipiwa bado.

Upande wa pili, kadi ya GB 4 hubeba nyimbo karibu 1,000 za ukubwa huo, na ya GB 8 mara mbili yake. Kadi haidai kifurushi, haina tangazo katikati na haikatiki mtandao unapopotea. Hukaa kwenye kitochi, kwenye redio yenye tundu la flashi au kwenye sabufa ya kinyozi. Kwa hesabu hiyo msikilizaji wa Nansio anayekwenda kibandani hawezi kuitwa mtu aliyeachwa nyuma na wakati, kwani analinganisha bei kama anavyofanya mnunuzi wa dagaa anayezunguka kutoka mzani hadi mzani.

Ndiyo maana uamuzi wa kuzuia wasiolipa kuhifadhi nyimbo una uzito mkubwa hapa kuliko Ulaya. Ulaya unamnyima mtumiaji urahisi. Hapa unamrudisha kwenye mita ya MB kila anapobonyeza wimbo, na ndipo anapoondoka.

Aprili 2021

Jinsi walaji wanavyoitikia bei ya chombo ilionekana wazi Aprili 2, 2021. Siku hiyo kampuni za simu zilianza kutumia viwango vipya vya vifurushi, na watu walioweka fedha ile ile waliyoizoea wakapata MB chache mno. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali iliagiza viwango vya zamani virejeshwe haraka.

Masharti ya kampuni za muziki hayajawahi kuleta kishindo cha namna hiyo nchini. Kwa mchunguzi wa soko tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa. Kampuni ya muziki inapobana, msikilizaji huhama kimya kimya, kwa kuwa ana pa kwenda. Humwomba rafiki amrushie wimbo kwa Bluetooth, huwasha redio, au huenda kibandani. Bei ya MB inapopanda hupiga kelele, kwa sababu MB hutumika pia kwa biashara, kwa masomo na kwa kuwasiliana na ndugu, na hapo hana chombo kingine.

Mfuko unaofuata mwezi

Kuna sababu nyingine inayohusu kisiwa hiki moja kwa moja. Ada za kampuni za muziki zimepangwa kwa kufuata mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha za Ukerewe hufuata mwezi wa angani.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti dagaa, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Wakati wa giza fedha huzunguka: mvuvi hulipwa, mwanikaji hupata mzigo, mama lishe huuza na muuza vocha humaliza. Mbalamwezi ikitoka kila mtu hubana matumizi. Mwaloni hata mkopo wa dukani hupangwa kwa kuangalia giza linarudi lini.

Mtu mwenye mfuko wa namna hiyo hushindwa kuahidi fedha tarehe moja ya kila mwezi, hata kama jumla yake kwa mwezi ni ndogo. Isitoshe, ada nyingi hutaka kadi ya benki au mkato wa moja kwa moja, na siku salio likikosekana huduma hukatika pamoja na nyimbo zote alizokwisha kuhifadhi. Aliyelipia miezi kumi na kukosa mwezi mmoja hubaki mikono mitupu. Mwenye kadi ya GB 4 hubaki na nyimbo zake 1,000 wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi.

Kampuni zenyewe zimeanza kulitambua jambo hilo. India, Desemba 2020, Spotify ilianza kuuza kifurushi cha siku moja kwa rupia 7 na cha wiki kwa rupia 25. Mdundo nayo iliingia ubia na kampuni za simu, Vodacom Tanzania ikiwamo, ili kuuza mikusanyiko ya ma-DJ kwa malipo madogo yanayokatwa kwenye salio la simu. Njia hiyo inafanana na biashara ambayo Nansio inaielewa tangu zamani: sukari ya robo, mafuta ya kupima, sigara moja moja. Muuza duka anajua kwamba robo kilo ikipigiwa hesabu ni ghali kuliko kilo nzima, na mnunuzi anajua pia, lakini ndiyo anayoweza kuilipa leo.

Kibanda na sheria

Kama ilivyo katika miji mingine ya kando ya ziwa, mtaji wa kibanda cha nyimbo si mkubwa. Inatosha kuwa na kompyuta iliyotumika, spika mbili, waya za kuunganisha simu, na mtu mwenye sikio la kujua ni wimbo gani utaulizwa kesho. Mteja hulipa kwa idadi ya nyimbo au kwa kujaziwa kadi nzima. Mwenye kibanda hupakua wimbo mara moja na kuunakili kwa watu wengi, hivyo gharama yake ya MB hugawanyika hadi kukaribia sifuri. Kwa lugha ya biashara yeye ni mnunuzi wa jumla wa data anayeuza rejareja.

Biashara hiyo ina kasoro moja kubwa, nayo inaweza kuiangusha yote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inakataza kunakili na kuuza kazi ya sanaa bila idhini ya mwenye haki. Kijana anayejaza kadi bila idhini hiyo anaweza kunyang'anywa vifaa na kufikishwa mahakamani. Kompyuta ambayo ndiyo mtaji wake wote ndiyo pia kielelezo cha kosa lake. Yeyote anayefikiria kumkopesha au kuingia naye ubia hana budi kuuhesabu mzigo huo kabla ya kutazama mauzo ya siku.

Upande wa pili wa sarafu ni mwanamuziki. Wimbo unaopigwa kwenye mitumbwi, vinyozini na katika harusi za kisiwa kizima unaweza usimletee mtunzi wake shilingi hata moja, kwa sababu kadi haina hesabu ya mara ngapi umepigwa. Programu ya bure, pamoja na kero zake zote, huhesabu, na mwenye haki hupata sehemu ndogo ya fedha za matangazo. Msikilizaji anapofukuzwa na masharti na kuhamia kwenye kadi, mwanamuziki hupoteza hata hiyo sehemu ndogo. Mpaka uliowekwa kwa jina la kumsaidia apate zaidi unaweza kumwacha na pungufu.

Serikali imejaribu kuziba pengo hilo kwa kugusa chombo. Katika bajeti ya 2022/23 ilianzishwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kubeba na kunakili kazi za sanaa. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, nayo iligawa mirabaha iliyotokana na redio na televisheni Januari 2022. Mantiki ya tozo hiyo inakubaliana na tabia ya mlaji: kama hulipia kadi na halipii wimbo, basi sehemu ya wimbo ichukuliwe kwenye bei ya kadi. Ugumu uko katika mgao. Tozo huonyesha kadi ngapi zimeingia nchini, lakini haionyeshi ni nyimbo za nani zilizojazwa ndani yake.

Nani anapata

Kwa mwekezaji mdogo hesabu za Spotify za mwaka 2024 zina funzo. Kampuni ilimaliza mwaka ikiwa na watumiaji milioni 675, kati yao milioni 263 wakilipa. Mapato yalikuwa zaidi ya Euro bilioni 15.6, ambapo takriban Euro bilioni 13.8 zilitoka kwa wanaolipa na Euro bilioni 1.85 kwenye matangazo. Maana yake watumiaji wa bure, ambao ni wengi kuliko wenzao, walileta karibu asilimia 12 tu ya mapato. Huo ulikuwa pia mwaka wa kwanza mzima kampuni kupata faida, miaka 16 baada ya kuanza biashara.

Muziki wa bure, basi, ni gharama ya kuvutia wateja, na subira yake ni ndefu. Kampuni kubwa yenye wawekezaji wa kuibeba inaweza kungoja miaka 16. Kampuni ndogo inayotegemea soko la watu wenye mifuko ya kila siku haina pumzi hiyo. Mdundo ilipoorodhesha hisa zake katika soko la First North mjini Copenhagen Septemba 2020, wanunuzi wa hisa walikuwa wakinunua matumaini kwamba mamilioni ya wanaopakua bure Afrika watageuka kuwa fedha za matangazo na za vifurushi. Idadi kubwa ya watumiaji huonekana vizuri kwenye taarifa ya kampuni, lakini mwenye hisa hugawiwa gawio kutokana na faida.

Anayepata kwanza ni muuza chombo. Kila wimbo unaosikilizwa mtandaoni, wa bure au wa kulipiwa, hupita kwenye mita ya kampuni ya simu. Hilo nalo halitoshi kumfanya mtu akimbilie hisa za simu bila kuuliza. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa Sh. 850 kila moja, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti mwaka huo, na katika miaka iliyofuata hisa hizo zilipita sokoni kwa bei ya chini ya hiyo. Kuwa na bidhaa ambayo kila mtu anainunua ni jambo moja, na bei uliyolipia hisa ni jambo jingine.

Ya kuangalia

Kwa mfanyabiashara wa Nansio na wa mwambao wote wa ziwa, yapo mambo matatu ya kufuatilia. La kwanza ni bei ya MB. Ikishuka vya kutosha, faida ya kadi hupungua na kibanda hupoteza wateja hata kama hakuna askari aliyepita. La pili ni vifurushi vya siku na vya wiki vinavyolipiwa kwa salio au kwa fedha za simu. Vikienea na bei ikalingana na ya kibandani, ndipo muziki wa kulipia utakapopata mteja wa kweli mwaloni, na wakala wa vocha na fedha za simu ndiye atakayekuwa muuzaji wake. La tatu ni utekelezaji wa sheria ya hakimiliki. Mwenye kibanda aliye makini hana sababu ya kungoja siku hiyo ifike. Waya, spika, kadi tupu, ukarabati wa simu na vocha ni bidhaa halali ambazo wateja wake tayari wanazihitaji, na zinaweza kubeba biashara siku nyimbo zikiondoka mezani.

Wenye kampuni za muziki nao wangefaidika kuzisoma tabia za soko hili. Mpaka wa saa, wa idadi ya nyimbo au wa kuhifadhi hupangwa na mtu aliye mbali, akimtazama mlaji mwenye mshahara na kadi ya benki. Mvuvi wa dagaa anapobanwa hufanya kama maji yanavyofanya, hufuata mkondo ulio wazi. Akiwekewa wimbo kwa bei ya robo ya sukari, alipe siku alizo nazo na asipoteze alichokwisha kulipia siku ambazo hana, iko sababu ya kuamini kwamba atalipa, kwa kuwa amekuwa akilipia muziki tangu enzi za kanda.

Hadi hapo, usiku wa giza taa zinapowashwa ziwani na muziki unaposikika kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, sehemu kubwa itakuwa inatoka kwenye kadi. Fedha yake itakuwa imekwisha kulipwa kibandani, na aliyeuimba wimbo hatakuwa na habari.